Kusubiri Injini Ipoe

Kashindye ni fundi pikipiki wa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa kazi yake hakuna wa kumsema. Bei yake haibadiliki kwa sura ya mteja, na pombe hanywi. Nayataja haya mapema kwa sababu watu hudhani uovu hukaa kwa walevi na wavivu tu.

Ukutani gerejini kwake kulikuwa na picha aliyoikata kwenye kalenda: pikipiki ya toleo maalumu, nyeusi tii, injini yake ina vifuniko vya rangi ya dhahabu. Zilitengenezwa chache. Aliitazama kila asubuhi kabla ya kufungua kisanduku cha spana, na hakumwambia mtu kwamba anaitaka.

Mdogo wake, Budeba, analima mpunga Usangu, karibu na boma la baba yao. Mwaka mmoja mpunga ulimkubali. Akaja gerejini, akasimama mbele ya picha ile, akasema amepata pikipiki hiyohiyo inauzwa Ipogolo, Iringa, kwa mfanyabiashara aitwaye Bushiri. Akamwomba kaka yake waende akaikague, maana wapo wajanja wanaochukua injini ya kawaida, wakaivisha vifuniko vya dhahabu na kuigonga namba upya.

Kashindye alikubali. Wakapanda basi la Iringa, likapita Makambako. Hata hamu yenyewe, aliwaza, ameichukua ukutani kwangu.

Bushiri aliwatolea pikipiki mbele ya duka lake, akawaachia nafasi. Kashindye aliiwasha, akaiacha ingurume kwa muda huku akisikiliza. Kisha akaizima, akafuta mafuta kwa kitambaa chenye petroli, akamulika namba kwa simu. Tangu akichunga utotoni alijua kutambua chapa ya ng'ombe iliyochomwa juu ya chapa nyingine, kwa sababu ngozi ya namna hiyo haikai sawa. Hapa chuma kilikaa sawa. Penye namba palikuwa na ukwaruzo uleule wa kiwandani, kama mchanga laini, wala msasa haukupita. Herufi za toleo zilikuwepo. Boliti zilikuwa hazijawahi kuguswa. Ilikuwa yenyewe.

Angefurahi kama ingekuwa feki.

Kwa baba yao ng'ombe hanunuliwi mpaka mtu wa familia aliyemkagua aweke kiganja mgongoni mwake na kutamka kama anafaa. Neno likishatoka hivyo, hakuna wa kulibishia. Budeba hakuona sababu ya pikipiki kuachwa nje ya desturi hiyo. Alikuwa tayari amempigia mzee simu.

"Kaka, weka mkono useme. Baba anasikia."

Kashindye aligusa injini akauondoa mkono haraka. Bushiri akacheka, akasema huyo si ng'ombe, huyo anaunguza. Kashindye angeweza kusema bila kugusa, lakini Budeba alikataa. Mzee angeona hawakukagua. Basi wakakata simu, wakakaa kusubiri injini ipoe.

Shufaa, mke wa Bushiri, akawaletea chai na maandazi. Wakinywa, Budeba hakunyamaza. Alisema baba ameahidi kupanda nyuma yake ampeleke mnadani. Kashindye alikuwa na pikipiki zamani, na mzee hakuwahi kuipanda hata kufika barabarani.

"Angalia usimwangushe," Kashindye alisema.

"Nikimwangusha nitakuletea baba na pikipiki, uwanyooshe wote wawili," Budeba akajibu akicheka.

Muda ule wa chai ungetosha mtu mwema kujirudi. Yeye aliutumia kujikaza. Injini ilipopoa, simu ikapigwa tena, Kashindye akaweka kiganja juu ya kifuniko cha dhahabu.

"Mkono upo juu?" mzee aliuliza.

"Upo, baba."

"Sema."

"Si yenyewe. Imevishwa."

Mzee akasema iachwe. Budeba akamgeukia Bushiri, akamwita tapeli mbele ya wateja wake. Bushiri alisema tu kwamba alimruhusu kuikagua, hakumruhusu kumtukana. Kisha akaifunika pikipiki turubai. Njiani Budeba alimnunulia kaka yake nyama choma, akamshukuru kwa kumwokoa. Kashindye aliila.

Alikuwa amepanga kurudi baadaye ainunue mwenyewe. Hakufikiri kwamba kitu alichokikataa kwa mkono wake mbele ya baba hawezi tena kukipanda machoni pa familia. Hivyo wakaikosa wote wawili.

Mvua zilipokaribia kwisha, mwalimu mmoja aitwaye Joyness alileta pikipiki gerejini kubadilishiwa mafuta. Ilikuwa ileile. Aliinunua Ipogolo, akasema, baada ya wakala wa kampuni kuithibitisha kwamba ni orijino. Akaiacha, akaenda sokoni. Budeba alikuwepo, alikuwa ameleta gunia la mchele, shukrani kwa kaka yake.

Alizunguka pikipiki ile, akasoma namba. Akaleta kiganja karibu na injini, akasikia joto.

"Kaka, sema tena. Nitasubiri ipoe." Akakaa juu ya gunia.

Kashindye alishika spana, akaiweka chini.

"Usisubiri. Ni yenyewe. Hata siku ile ilikuwa yenyewe."

"Sasa kwa nini?"

Kashindye aliutazama ukuta. "Picha niliibandika mimi."

Budeba aliinuka kwenye gunia. Kisha akasema, "Ungeniambia unaitaka, nisingekuja kukuomba uikague." Akapiga simu kwa baba, akampa Kashindye aongee mwenyewe.

Kesho yake Kashindye alikwenda Ipogolo, akasema ukweli mbele ya majirani wa Bushiri. Bushiri alimsikiliza mpaka mwisho. Safari hii chai haikuletwa.

Mzee naye alitamka neno moja tu: "Mkono wako usiuweke tena juu ya kitu cha nyumba hii." Wapo wanaosema alizidisha ukali. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeuazimisha wivu kiganja chake asishangae watu wakikiogopa.

Juzi walinunua dume jipya kule Usangu. Budeba ndiye aliyeweka mkono. Kashindye, anayejua ng'ombe kuliko wote pale, alisimama nje ya zizi, mikono mfukoni, akaona kasoro kwenye ukwato wa nyuma, na hakukuwa na wa kumwambia.