Kijumba cha Nyasi Kando ya Reli

Mume wangu Herman, mstaafu wa reli hapa Shinyanga, ni mbishi. Ana vijumba vya plastiki vya kuunganisha, vya Kizungu. Anavikatakata na kuvigeuza kuwa maduka kama ya mji wa Tinde, kando ya treni yake ndogo ya umeme. Juzi kimoja akakiezeka nyasi halisi. Nikamwambia, "Baba Eliya, kijumba cha nyasi kwetu Wasukuma ni cha masamva, wazee waliokufa. Hakijengwi bila kumtaja mzee anayejengewa."

"Plastiki hiyo!" akacheka.

Tangu hapo treni inasimama yenyewe mbele ya kijumba hicho. Jana, kwa hasira, akaubandika mlango wake kwa gundi. Leo asubuhi tumeukuta wazi.

Sasa Herman, mzee wa miaka sabini, amepiga magoti sebuleni mbele ya mlango huo, anaamkia: "Shikamoo."

Anasubiri aitikiwe. Mimi naomba asiitikiwe.