Kibali cha Kulia

Juma lililopita nilipanga foleni katika ofisi ya chifu, huku kwetu Nyansiongo. Mbele yangu alisimama mama mzee aliyenyolewa kichwa kwa sababu ya msiba. Mumewe alikuwa amezikwa juzi, na jamaa walikuwa waje kukaa naye matangani. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wakiwa wengi huo ni mkutano, na mkutano lazima uwe na kibali.

Karani akavuta fomu. "Mama, mwenyekiti ni nani?"

"Alikuwa mzee wangu. Ndiye tuliyemzika."

"Ajenda?"

Mama hakulijua neno. Karani akamweleza: ni jambo ambalo watu watafanya wakikutana.

"Kulia," akasema.

Karani hakucheka. Aliliandika neno hilo kwa mwandiko mzuri, akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga. "Mwisho saa kumi na mbili jioni."

Mama alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso. "Na saa hiyo ikifika tukiwa bado tunalia, mwanangu?"

Karani akaita anayefuata.

Anayefuata nilikuwa mimi, mtu aliyecheza siku ya uhuru mpaka soli zikang'oka. Nilikuja kuombea kibali harusi ya binti yangu. Ningependa kuwaambia kwamba nilimtetea yule mama. Lakini mkononi nilikuwa na ajenda yangu, nimeipiga taipu nakala tatu, na mwisho nimeweka mwenyewe saa kumi na moja, ili serikali isipate taabu ya kunikataza.