Kaka Telesphor Anayeupa Uwanja Mgongo

Kiangazi kikiingia hapa kwetu Mpanda, mahindi yakishafika ndani na vumbi likaanza kukaa hata kwenye kope, kila Jumapili inagawanyika. Asubuhi ni ya Bwana, mchana ni ya mpira. Mimi sioni ubaya. Hata paroko wetu anafupisha matangazo fainali ya kombe letu ikikaribia, ingawa ukimuuliza anasema ni kwa sababu ya jua.

Uwanjani nauza chai na maandazi. Jiko langu liko karibu na kibendera cha kona, na kwa neema ya Mungu sijawahi kupigwa na mpira, ila birika langu limepigwa na limebonyea. Lakini si habari za birika ninazotaka kueleza. Nataka kueleza habari za kaka yangu Telesphor, muuza karanga.

Kama umewahi kuja uwanjani kwetu unamjua. Ni yule mzee mwembamba mwenye kofia ya kijani ya Stesheni, timu ya vijana wa mtaa wetu wa karibu na reli, anayepita mbele ya watu na beseni akiita, "Karanga! Karanga za chumvi! Tafuna usimtukane refa!" Anazikaanga mwenyewe, hataki mkono wa mtu mwingine, hata wa mke wake. Anapima kwa kikombe cha kahawa, halafu anaongeza chache juu kwa vidole. Hizo chache anaziita "za majeruhi", kama zile dakika za mwisho.

Upande wenye watu wengi hauna viti, una kamba tu. Muuzaji anapita katikati ya kamba na mstari wa uwanja. Na sisi wauzaji tuna sharti letu ambalo hakuna aliyetuandikia: mpira ukikaribia goli, unachuchumaa usiwazibe watu. Tena unachuchumaa ukiwatazama wao, kwa sababu ukigeukia mpira, mikono inaingia kwenye beseni lako bila wewe kujua. Usipochuchumaa upesi utasikia kelele kutoka kona zote: "Chuchumaa, mzee! Chuchumaa!"

Basi ndiyo hivyo. Kaka yangu anaipenda Stesheni kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kila jambo kubwa linapotokea yeye ameupa uwanja mgongo.

Magoli anayaona kwenye nyuso za watu. Aliniambia siku moja akinywa chai yangu, "Dada, shuti la mbali linafungua midomo polepole, kama watu wanaopiga miayo. Kichwa kinaifungua yote mara moja. Penati ndiyo mbaya, watu wanatafuna na mdomoni hamna kitu." Jioni akirudi nyumbani anamsimulia wifi yangu Scolastica mechi yote, huku wifi anachambua maharage. Anasimulia vizuri mpaka majirani wanasogea. Anasema, "Wa kushoto wakasimama, wa kulia wakashika vichwa, nikajua hilo limegonga mwamba."

Wifi Scolastica mwenyewe hajawahi kukanyaga uwanjani. Mtoto wao Obadia ni beki wa Stesheni, na mwaka ule alipoanza kucheza alirudishwa nyumbani kwenye baiskeli, mguu umevimba kama boga. Wifi akasema, "Nilimzaa mimi. Siwezi kwenda kutazama wanavyomvunja." Tangu hapo, saa ya mechi ikifika anashika rozari yake na kukaa mlangoni, anasali mpaka aone kofia ya kijani inarudi.

Sasa kiangazi hiki Obadia alipata kazi ya gereji Tunduma. Alikuwa anaondoka baada ya fainali. Obadia ni beki, si mfungaji, lakini katika maisha yake yote alikwishafunga magoli mawili. La kwanza baba yake alikuwa anampimia mtu karanga. La pili alikuwa amechuchumaa. Hakuna hata moja aliloliona.

Wiki ya fainali kaka alikuja kwangu, akaiacha chai ikapoa mbele yake.

"Unawaza nini, kaka?"

"Nawaza mpira."

"Hilo si jipya."

"Nawaza hivi, dada. Nimekuwa pale uwanjani miaka yote. Watu wanatoka Sibwesa na baiskeli, wanatoka Mishamo na pikipiki, wanakuja kumwona mwanangu akicheza. Mimi nimesimama hatua chache tu kutoka alipo, nawaona wao." Akacheka kidogo. "Akifunga keshokutwa, nataka nione mpira wenyewe unavyoingia. Mara moja tu. Halafu aende zake Tunduma."

"Na asipofunga?"

"Basi nitakuwa nimemwona akikimbia."

Usiku ule niliwaombea. Sikuomba Stesheni washinde, maana Mungu hana timu, na wale wa Ikola, kule ziwani, tuliokuwa tunacheza nao wana mama zao pia wanaosali. Niliomba tu kaka yangu aone anachotaka kuona.

Lakini nani angebeba beseni? Mimi siwezi kuliacha jiko. Hapo ndipo alipoingia Masele. Huyu ni Msukuma wa Sibwesa, mfugaji, mrefu kama mlingoti, anayekuja uwanjani na kigoda chake mwenyewe. Timu yake ni yoyote inayocheza na Stesheni, kwa sababu Stesheni waliwahi kuifunga Sibwesa na hajasamehe. Yeye na kaka yangu wanataniana tangu zamani.

"Leta hilo beseni, mzee," alisema siku yenyewe, tulipokuwa tumetoka Misa na uwanja umeanza kujaa. "Kaa kwenye kigoda changu utazame mnavyolia. Leo nauza mimi."

"Wewe umezoea kuswaga ng'ombe, hawa ni watu."

"Ng'ombe wananisikiliza. Hawa nitawazoea."

"Usimalize karanga kwa kuonja."

"Nitaonja. Kama ni mbaya nitasema kwa sauti."

Kaka akakaa. Mara ya kwanza nimemwona amekaa kwenye mechi. Alikuwa mbele kabisa kwenye kamba, mikono juu ya magoti, haijui pa kwenda. Nilimtazama mgongo wake ulivyonyooka, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Mechi ikaanza. Vumbi lile unalijua, wachezaji unawaona kuanzia magotini. Obadia alikuwa anakaba vizuri. Kila akigusa mpira kaka aligeuza kichwa kidogo kutazama watu, halafu anakumbuka, anarudi kwenye uwanja. Nilikuwa nasema moyoni, tulia, kaka, tulia, tazama mbele.

Masele naye alikuwa balaa. Anajaza kikombe mpaka karanga zinamwagika, anagawa kama yuko harusini, na kubwa zaidi, hachuchumai. Amesimama na urefu wake wote, beseni mkononi, anatazama mpira kama aliyelipa kiingilio.

"We mnara wa simu! Shuka!"

"Masele, chuchumaa bwana!"

"Magoti yangu ni ya Sibwesa, hayana breki za Mpanda," akajibu, na watu wakacheka hata waliokuwa wamekasirika.

Kipindi cha pili, Stesheni wakapata kona. Ilikuwa upande wa jiko langu, aliyepiga alikanyaga hata gunia langu la mkaa. Mabeki wote wakapanda mbele, na Obadia yumo. Watu wakasimama. Na Masele yule, kwa hamu yake, akasogea akasimama katikati kabisa, mbele ya kila mtu.

Watu wakapiga kelele kwa sauti moja. "Chuchumaa! Chuchumaa!"

Walikuwa wanamwambia Masele. Lakini kaka yangu miaka yote amekuwa akiitwa kwa neno hilo. Sidhani hata alifikiri. Nilimwona ananyanyuka kwenye kigoda, anageuka, na anachuchumaa pale pale, mgongo kwa uwanja, uso kwa watu, mikono imeshika beseni ambalo halipo.

Nikaita, "Kaka! Geuka!" Nani angenisikia?

Kona ikapigwa, Obadia akaruka, akaupiga kwa kichwa. Goli.

Vumbi, vigelegele, kofia hewani. Mimi sikutazama nyavu wala wachezaji. Nilimtazama kaka yangu nikitegemea kuona mtu aliyevunjika moyo. Hakuwa hivyo. Alikuwa bado amechuchumaa, ametulia kabisa, anatazama kitu kimoja nyuma ya watu.

Nikafuata macho yake. Nyuma kule, juu ya tofali, alikuwa amesimama wifi Scolastica. Sijui alifika saa ngapi. Kanga ilikuwa imemwanguka mabegani, rozari imejisokota mkononi, mikono yote miwili iko juu, na mdomo wake wazi kabisa. Wifi yangu ambaye hata kwenye kwaya anaimba kwa sauti ya chini, alikuwa anapiga kelele, "Mwanangu huyo! Mwanangu huyo!" na kumpiga begani mwanaume asiyemjua.

Obadia akaja mbio hadi kwenye kamba, jasho na vumbi vimekuwa tope usoni. Alijua kuhusu kigoda. Alijua yote.

"Baba! Umeona?"

Masele akainamisha kichwa juu ya beseni. Alikuwa ameshaelewa alichokifanya, masikini, hakuwa na utani tena.

Kaka akainuka polepole, magoti yakalia. "Nimemwona mama yako," akasema.

"Mama? Mama yuko wapi?"

Kaka akamshika kidevu mwanawe akamgeuza uso, kama unavyomwonyesha mtoto mdogo ndege. Obadia akamwona. Refa akapuliza filimbi, akamwita arudi, akapuliza tena, na yule kijana bado amesimama ameduwaa.

Nisiwafiche, kombe hatukulipata. Ikola walisawazisha, halafu wakatushinda kwa penati, na kombe likaenda ziwani na watu wao wakiimba kwenye lori. Masele hakuwa na nguvu ya kutucheka. Alirudisha beseni tupu akasema, "Mzee, nisamehe. Ningechuchumaa."

"Ungechuchumaa nisingegeuka," kaka akamwambia. "Kalete kigoda chako, umekisahau. Na karanga zilikuwaje?"

"Chumvi imezidi."

"Muongo wewe."

Tulirudi kwa miguu jioni ile, jiko langu likiwa kwenye baiskeli ya Obadia, yeye akisukuma, mimi pembeni yake, na kaka na mkewe nyuma yetu. Njiani nikamsikia kaka anauliza, kwa aibu kama mgeni:

"Mama Obadia. Hivi mpira uliingia upande gani?"

"Wa kulia," wifi akasema. "Subiri nikueleze vizuri. Kwanza alirudi nyuma hivi, kama mtu aliyesahau kitu. Nikasema, huyu anakwenda wapi? Halafu akakimbia..."

Akaeleza njia nzima. Alieleza vibaya, kipa anamwita "yule mwenye glovu", mwamba anauita "lile bomba". Kaka yangu hakumsahihisha hata neno moja. Alikuwa anasema tu, "Ehe. Ehe. Halafu?" na tulipofika nyumbani akamwomba aanze tena kutoka kwenye kona.