Mapovu Damuni

Mikidadi alikuwa Mluguru wa mlimani, juu ya mji wa Morogoro, lakini riziki yake ilikuwa chini ya maji. Wajerumani walimwajiri bandarini Dar es Salaam, avae kofia ya shaba, apumue kwa mpira wa hewa, na afunge minyororo kwenye tishari la mizigo lililozama. Aliyemfundisha ni Manoli, Mgiriki mkali, asiyechoka kumwambia, "Panda polepole. Ukiharakisha, hewa uliyovuta chini inageuka mapovu damuni."

Asubuhi moja ya mwaka 1910 alipata habari kwamba mkewe, Hidaya, amejifungua binti huko mlimani. Mikidadi alizama mara ya mwisho, akaibuka mbiombio, akawahi gari moshi. Njiani bega likaanza kumuuma. Akadhani ni ile minyororo.

Kesho yake alfajiri akaushika mlima. Kadiri alivyopanda, ndivyo maumivu yalivyozidi: kiwiko, magoti, kisha ngozi ikawasha na kutoka mabaka. Alipofika uani miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka. Walimlaza mkekani, wakamwekea mtoto kifuani. Mikidadi alilia kimyakimya.

"Karogwa huyu," alisema mama mkwe. "Aitwe mganga."

"Mama, niwie radhi. Si uchawi, ni maji niliyotoka. Huku juu ndiko kunakoniumiza. Nishusheni."

Mama mkwe hakutaka hata kusikia. Hidaya, mzazi wa siku tatu, akamgeukia kaka yake. "Salehe, tengeneza machela. Kazi ile anaijua yeye, sisi hatuijui."

Walipofika mjini magoti yalikuwa yametulia kidogo, ila miguu bado. Salehe akasafiri naye mpaka pwani.

Manoli alimtazama, akamfinya paja. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Mkojo unatoka?"

"Kwa shida."

Mgiriki hakupoteza muda. Alimvika vazi la kuzamia, akashuka naye hadi kina kilekile ili mapovu yayeyuke tena damuni, kisha akampandisha kidogokidogo, akimsimamisha kila baada ya pima chache, kutwa nzima. Walipomvua, vidole vya miguu vilicheza. Salehe alicheka kama mwehu.

Hakupona kabisa, mguu wa kushoto ulibaki mzito. Hakuzama tena. Akapewa kazi ya kusukuma pampu ya hewa ya wenzake, na arobaini ilipotimia Hidaya akateremka na mtoto kwenda kuishi naye. Mama mkwe aliwasindikiza mpaka stesheni, kanuna, kajitwika mkungu wa ndizi za kumpelekea mkwewe.