Mikono ya Mkunga

Nilipomaliza masomo ya misheni kule Golbanti, kando ya mto, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumfasiria daktari maneno kuhusu shangazi yangu. Yeye ndiye aliyenilea. Alikaa na mumewe miaka mingi bila mtoto, na sasa tumbo lilikuwa limejaa. Mkunga wa kijiji alisema ni mimba ya miezi mitano. Shangazi akakatazwa kutwanga mpunga, akakatazwa kula kambare, akawa anacheka ovyo.

Mimi sikutulia. Uso wake ulikonda huku tumbo likipanda. Niliogopa kusema, nikaogopa na kunyamaza. Mwishowe nikamwita daktari wa misheni, aliyekuwa amefika kwa mtumbwi kutoka pwani.

Haikuwa desturi mwanamume mgeni kumshika mwanamke tumbo, basi ukatundikwa mkeka. Daktari na mimi tulikaa upande huu, shangazi na mkunga upande ule. Daktari akauliza, mimi nikafasiri, mkunga akabonyeza.

"Mwambie Mzungu wako," alisema mkunga, "nusu ya kijiji hiki nimeipokea mimi. Na wewe mwenyewe nilikupokea ukitanguliza matako."

Shangazi akacheka. Sikufasiri hilo.

"Chini ya kitovu, ni laini au pagumu?" daktari aliuliza.

"Pagumu."

"Kichwa cha mtoto unakipata?"

Mkunga akabonyeza tena. "Vichwa vingi. Kama viazi ndani ya kikapu. Na maji."

"Mtoto anacheza?"

"Hajawahi kucheza," mkunga alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mtoto mpole."

Daktari akaniambia kwa Kiingereza kwamba ni uvimbe mbaya, unaokua haraka, na wa aina aliyopata kuiona mara moja tu. Kisu kingemuua. Angeweza kutoa maji ili apumue, na kutuachia matone ya afyuni ya kutuliza maumivu.

Nikabaki na maneno hayo mdomoni. Nilitafuta neno, nikaliona kali. Nikatafuta jingine, nikaliona la uongo.

"Mwanangu," shangazi aliita, "mwenye habari njema hanyamazi hivyo. Si mtoto?"

"Si mtoto, shangazi."

"Tumbo hili litanimaliza?"

"Daktari anasema ndiyo."

Aliyelia kwanza ni mkunga.

"Nyamaza, dada," shangazi alimwambia. "Hata mimi nililitaka liwe mtoto. Ondoeni mkeka huu, mtu afanye kazi yake."

Daktari alitoboa kwa sindano nene yenye mrija. Mkunga alishika bakuli, na maji yalipojaa shangazi akavuta pumzi ndefu, akasinzia.

Tangu siku hiyo mkunga alikuja kila asubuhi kumkanda miguu kwa mafuta. Mimi nilihesabu matone ya afyuni, nikaogopa kuzidisha, nikamwaga, nikahesabu upya.

"Toa tu," shangazi alisema. "Tone moja halitaniua kabla ya tumbo hili."

Alikufa maji ya mto yalipoanza kushuka. Mkunga ndiye aliyemwosha. Nilisimama nje, nikamsikia akimwambia kwa upole, "Geuka kidogo, mama. Hivyo hivyo."