Shali la Damu ya Mzee

Bibi alipanda kutoka Milepa mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeshavunwa, kuja kung'olewa jino Sumbawanga. Kwao bondeni watu hulala madirisha wazi. Aliposhuka kwenye gari akakutana na upepo wa Ufipa, akajikunyata ndani ya khanga zake mbili, akaniambia, "Mke mwenzangu, kumbe huku mnaishi ndani ya mtungi!"

Ndivyo alivyoniita tangu utotoni; babu alikuwa mume wetu.

Nilimpa sweta langu. Akalinusa, akanirudishia. "Hili si kafa ulaya?"

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika sokoni, baada ya miaka ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya doti moja ya khanga. Mjini sote tulivaa mitumba. Bibi alishikilia kwamba mwenye nguo ile ameshakufa, naye hawezi kulala amekumbatiwa na mtu asiyemfahamu. "Mume wetu akisikia, nitamjibu nini?"

Akaendelea kutetemeka. Nikaenda sokoni, nikanunua masweta mawili ya sufu, moja rangi ya damu ya mzee, jingine rangi ya maziwa, nikayafumua mbele yake.

"Damu ya mzee gani?" akauliza.

"Ni jina la rangi tu, Bibi."

"Na marehemu je?"

"Hana tena pa kukaa. Nimemfumua."

Akafikiri. "Basi na umfue."

Nikazifua nyuzi kwa sabuni, nikazining'iniza na mawe ili zinyooke. Sindano zangu zilikuwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Nilitaka shali lenye umbo la mwezi mchanga, mistari ya rangi mbili ikipokezana. Shali la namna hiyo hufumwa kwa kugeuka njiani: unafuma, unarudi kabla ya kufika mwisho wa mstari, na safari inayofuata unasogea mbele kidogo. Hivyo katikati panakuwa papana na pembe zinabaki nyembamba.

Bibi alinitazama siku nzima. "Umechoka?"

"Hapana, ndivyo linavyofumwa."

"Mtu anatoka hapa kwenda Laela, anafika nusu ya njia, anarudi. Kesho tena hivyo hivyo. Huyo atafika lini?" Jirani alipokuja kusalimia, akamwambia, "Mjukuu wangu ana mikono mizuri, ila kumaliza ndiyo shida."

Nilicheka, lakini iliniuma, kwa sababu kweli kazi ilikuwa mbovu. Kila nilipogeukia palibaki tundu. Bibi akapitisha kidole. "Dirisha hili ni la marehemu kuchungulia?"

Masista walionifundisha kufuma walinionyesha namna ya kuziba matundu yale, nami nilikuwa nimesahau. Nilifumua, nikaanza upya, nikafumua tena. Siku ya tatu nikalitupa shali kitandani, machozi yakinilenga.

Bibi akaliokota, akaligeuzageuza. Alikuwa msuka mikeka ya majani ya mlala. "Ukirudisha mlala bila kumshika jirani yake, mkeka unatoboka," akasema taratibu. "Mshike jirani kwanza, ndipo ugeuke."

Nikauzungusha uzi kwenye kishono cha pembeni, nikageuka. Tundu likazibika. Bibi akanipiga begani kwa kiganja.

Jumapili moja akalivaa kanisani. Akina mama wakamzunguka nje, wakilishika pembe.

"Nani kafuma?"

"Sisi," akajibu Bibi. "Mimi kichwa, yeye mikono. Anayetaka kujifunza aje kesho alasiri."

Walikuja wanne, na masweta yao kwapani. Bibi, ambaye hajawahi kushika sindano ya kufumia maishani, akakaa mbele yao akiwakaripia: "Geuka hapo! Unakimbilia wapi?" Mimi nikabaki kuwamiminia uji wa ulezi na kufungua nyuzi zilizowatatiza.