Nta ya Sikio na Wageni wa Posa

Aibu hii sikutaka kuisema, lakini Chumbageni nzima wanaijua, basi bora muisikie kwangu mimi Mama Mwanaidi mwenyewe, maana majirani wanaitia chumvi.

Masikio yalikuwa yakiniwasha, nikaviringisha pamba kwenye njiti ya kibiriti nikachokonoa (raha yake jamani!), kumbe nta yote naishindilia ndani. Wiki ya pili dunia nzima ikaanza kunong'ona. Mwenye duka ananong'ona, mwanangu akishika simu ananong'ona, nami kwa nilivyo nikajua hapa nafichwa jambo. Masikio yangu sikuyashuku hata kidogo.

Ndipo wakaja wageni kutoka Tongoni kumposa Mwanaidi, na kijana mwenyewe binti yangu anampenda, hata mimi nampenda. Walikuja wanawake wanne wakiongozwa na shangazi wa kijana, Bi Rukia, na posa mnaijua, haisemwi kwa kupayuka, inasemwa kwa adabu, sauti chini. Mimi naona midomo inacheza tu. Mara Bi Rukia akamwinamia mwenzake, wote wawili wakamtazama mwanangu kiunoni, naye akainamisha kichwa. Damu ikanipanda. Wanasema mwanangu ana mimba!

Nikasimama na sahani yangu ya kaimati mkononi. "Mnamteta mwanangu ndani ya nyumba yangu? Tokeni!"

Wakatoka mmoja mmoja, bila hata kuaga. Mwanaidi akanijia sikioni huku analia, akapiga kelele, "Mama! Walikuwa wanakisia kipimo cha gauni la harusi!"

Kesho yake akanikokota hospitali. Daktari akanichungulia kwa kitaa chake, akaniandikia kwenye karatasi kwamba nta imeziba, nitie matone ya kuilainisha siku kadhaa, kisha nirudi anisafishe. (Dawa gani hiyo ya nenda rudi? Nikamshuku.) Niliporudi akakagua tena, akapitisha maji ya uvuguvugu taratibu, nami nimemkodolea macho viganjani, maana niliwahi kumwona mganga akimtoa mtu "jini" mguuni, kumbe kokoto alikuwa nayo mkononi. Likadondoka bonge jeusi kwenye bakuli.

"Hebu nione huo mkono mwingine!"

Akaufungua, mtupu. "Mama, mbona unapiga kelele? Nakusikia," akasema, na Wallahi nilimsikia vizuri. Akanionya nisiingize tena kitu chochote masikioni, yakiziba nirudi kwake.

Tukaenda Tongoni kuomba radhi. Nilipiga magoti, nikaeleza yote, nikalia kweli. Bi Rukia akaniinua, akasema yamekwisha, posa ipo palepale, akaingia ndani kuleta chai. Nikamsikia huko jikoni akimnong'oneza mwenzake, tena neno kwa neno:

"Binti tunamchukua. Ila huyo mama yake, Mungu atustahimilishe."

Siku hiyo ndipo nilipotetwa kweli, na kwa haki. Nikainywa chai yote, nikasema ahsante. Siku hizi nikihisi watu wananong'ona, nayapeleka masikio hospitali kwanza, ugomvi baadaye.